Mwano Ulikuwa wa Nani

Shule ya Msingi Bulegeya,
S.L.P. 14,
Ushirombo,
Kahama.

3 Desemba, 1978

Mpendwa Mjomba Clemens,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii peke yake, kabla sijaichanganya na jambo jingine lolote, kwa sababu barua yenyewe ina mambo mazito na sipendi heshima yako ipotelee katikati yake. U hali gani? Mgongo uliokulazimisha kuacha kazi ya reli unakuruhusu kulala sasa? Mama Leokadia anaendeleaje, na wajukuu je? Tumesikia kwamba Morogoro mvua ziliwahi. Huku zilichelewa mno, na kuchelewa huko kumo ndani ya habari nitakazokueleza.

Sisi ni wazima wa mwili. Mama, dada yako, anakula vizuri na bado anakataa fimbo ya kutembelea. Alois na Gaudensia wanakwenda shule kila siku, maana mwalimu mkuu ni mama yao na hawana pa kujificha. Nimeandika “wazima wa mwili” kwa makusudi. Ukiniuliza habari za moyo sina budi kukujibu kwa ukweli uliotulea: Mjomba, ninaogopa. Ninaogopa ninapoamka, na ninaogopa ninapofundisha hesabu za sehemu ubaoni, nikisikiliza mbingu kwa sikio moja.

Barua yako ya mwezi uliopita ilinifikia. Uliniagiza nimchukue Mama na watoto, tupande basi hadi Isaka, kisha treni hadi kwako, tukae huko mpaka vita viishe. Kuchelewa kwangu kujibu si utovu wa adabu. Zaidi ya mara moja nilianza kukuandikia kwamba tunakuja, na kila mara nilimaanisha nilichoandika. Nakuomba uisome hii hadi mwisho kabla ya kunihukumu. Jibu langu limetokana na jambo lililotukia hapa kijijini, na bila kulijua jambo hilo utaliona kuwa jibu la mtu mkaidi.

Kwanza, habari za Selestine. Vita vilipoanza, lori la pamba alilokuwa akiliendesha lilichukuliwa na jeshi, na mume wangu akachukuliwa pamoja nalo, kana kwamba naye ni usukani. Alikuja kuaga injini ikiwa inaunguruma nje. Akawashika watoto vichwa, akaniambia nimfungie vizuri mbuzi mwenye mimba, akaondoka. Tangu hapo hatujapata neno lake. Watu waliotoka Biharamulo wanasema wameyaona malori yakielekea Kyaka, yamepakwa matope hadi kwenye vioo. Sijampata mtu aliyemwona yeye mwenyewe. Siku hizi ninayatenga mambo hayo mawili kwa uangalifu mkubwa, yaliyoonwa na yaliyosemwa, na utaelewa ni kwa nini.

Pili, nimepewa cheo nisichokiomba. Mwenyekiti wetu, Bwana Masele, aliwahi kuwa askari enzi za mkoloni, kwa hiyo aliitwa Kahama kufundisha mgambo. Halmashauri ya kijiji ikakaa kumtafuta wa kukaimu. Usidhani walinichagua kwa kunithamini. Kila mwanamume alikuwa na udhuru: huyu ng'ombe wake wana ugonjwa wa kwato, yule jino linamsumbua, mwingine mkewe yu karibu kujifungua. Wote walijua kwamba bomu likianguka, atakayelaumiwa kwanza ni aliyekalia kiti. Ndipo Mzee Maduhu, ambaye bila shaka unaukumbuka mdomo wake, akasema, “Mpeni Mwalimu. Yeye amezoea kulaumiwa na watoto, sisi tutamlaumu kwa heshima.” Wakacheka, wakanyoosha mikono, nikawa kaimu mwenyekiti.

Nikueleze sasa hofu ya kijiji ilivyokuwa mwezi wa Novemba, maana redioni huwezi kuisikia. Redio ilitutangazia kwamba nduli amevuka mpaka na kwamba watu wa ng'ambo ya mto Kagera wamekimbia makwao. Ilitutangazia pia kwamba tutashinda. Nililiamini la pili, lakini usingizi wangu uliliamini la kwanza. Tulizima taa mapema. Siku moja ndege ilipita juu yetu, chini sana, na hatukujua ni ya nani. Watoto wa darasa la kwanza waliingia chini ya madawati bila kuambiwa, na mmoja wao hakutoka mpaka babu yake alipokuja kumwita kwa jina la utani.

Baada ya ndege hiyo yalikuja maneno ya wapelelezi. Ilisemwa kwamba wanapita vijijini wakiwa na vioo, na kwamba huvielekeza juani ili kuionyesha ndege njia. Sikuweza kugundua nani aliyeyasema kwanza. Halmashauri, nami nikiwa kitini, ikaafikiana kwamba yeyote atakayemwona mgeni asiyeeleweka apige mwano. Lilikuwa azimio fupi, nasi sote tuliondoka mkutanoni tukiwa tumetulia kidogo, kama watu waliofanya kazi.

Wewe uliondoka huku ukiwa kijana, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe desturi yenyewe. Anayepatwa na hatari hupiga yowe, ndilo mwano. Anayelisikia hulipokea, hulipiga naye ili wa mbali wasikie, kisha hushika silaha aliyo nayo na kukimbia. Asiyekimbia hutozwa faini. Naye anayepiga mwano wa uongo hutoa ng'ombe. Hakuna anayesimama kuuliza, kwa sababu wakati wa kuuliza ndio wakati wa mwizi kuvuka mto na mifugo yako. Desturi hii imewalinda watu wetu miaka mingi, na sikuwahi kuitilia shaka.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, alasiri, jua kali na nyasi zimekauka kama karatasi. Nilikuwa na darasa la sita. Mwano ulianzia mbali upande wa mlimani, ukapokelewa mbugani, ukapokelewa tena karibu na soko, na kufumba na kufumbua ukawa juu ya paa letu. Mara nikaona wanaume wakikatiza kiwanja cha mpira wakiwa na pinde, marungu na mapanga, na mmoja wao akapita madirishani akisema, “Wamefika.”

Nitakueleza nilichofanya, bila kupunguza. Niliiacha chaki nikaelekea mlangoni. Nilikusudia kumtoa Gaudensia darasa la pili, kumtwaa Alois, kumfuata Mama nyumbani, na kushika njia ya Kahama. Mpango wote ulikuwa umekwisha kupangika kichwani mwangu, wala haukuwa na mtoto wa mtu mwingine hata mmoja. Nilipofika mlangoni niligeuka, sijui kwa nini, nikaona kwamba darasa zima lilikuwa limesimama. Hakuna aliyekuwa akitazama dirishani kulikokuwa na mwano. Walikuwa wananitazama mimi, ili wajue kama ni wakati wa kukimbia.

Nikarudi ubaoni polepole. Nikaificha mikono nyuma ya mgongo, kwa kuwa ilikuwa inatetemeka, nikawaambia wakae na wamalize hesabu waliyoianza. Wakakaa. Usiuite huo utulivu, Mjomba. Mtetemeko haukuwa umeondoka, ulikuwa umehamishwa tu mahali ambapo watoto hawakuuona. Hata hivyo walikaa, na kelele ziliporudi upande wa ofisi nikamwacha mwalimu mwenzangu mlangoni, nikatoka nje.

Walikuwa tayari wamemleta mtu waliyemkamata, maana ofisi ya kijiji imeungana na shule. Aliyewaongoza ni Ngassa, mkubwa wa mgambo waliobaki, mtu mwenye nguvu na mwenye filimbi shingoni. Katikati yao alikuwapo kijana aliyechaniwa shati, suruali imelowa hadi magotini.

“Mwalimu, tumempata kijitoni,” Ngassa akasema. “Ana kioo na ana dawa ya bomu.”

Nikauliza kioo kiko wapi. Akainua karai la bati lililosuguliwa na mchanga hadi likang'aa.

“Hilo ni karai, Ngassa.”

“Karai linalomulika. Limenimulika mimi machoni, si mtu mwingine. Na hii je?” Akatoa kichupa chenye zebaki, akakiinamisha huku na huku. “Tazameni inavyotembea. Maji gani hutembea hivyo?”

Watu wakarudi nyuma hatua. Mzee Maduhu peke yake akasogea, akamtazama kijana usoni. “Wewe nani?”

“Bashiri.”

“Bashiri wa nani?”

“Wa Mzee Salehe, mwenye duka la vitambaa Ushirombo.”

“Salehe namjua. Ana watoto kama kumbikumbi, hata yeye akiwahesabu hulala njiani. Ulikuwa unafanya nini kijitoni?”

Bashiri akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama chini. Fimbo ikampata sikioni kutoka nyuma, damu ikashuka shingoni, naye bado akanyamaza.

Mjomba, mtu yeyote anayeishi upande huu wa Bulyanhulu anajua karai na zebaki ni vyombo vya nini. Kijana alikuwa anachekecha dhahabu. Lakini kuchimba bila ruhusa ni kosa, na wengi wamekwisha kupelekwa Kahama kwa kosa hilo, ndiyo maana aliposikia mwano alidhani umepigwa kwa ajili yake, akakimbia, na kwa kukimbia akakamatwa. Sasa alikuwa kati ya mashtaka mawili, akachagua kunyamaza, kwa sababu aliijua sheria kuliko alivyowajua watu waliomzunguka. Nao waliomzunguka, siku nyingine yoyote, wangelitambua karai lile kutoka ng'ambo ya bonde. Hofu haikuwaongezea jambo jipya la kuamini. Iliwanyang'anya walilolijua.

Nikasema, “Huyu ni mchimbaji.”

“Amekwambia lini?” Ngassa akauliza. “Sisi hatukumsikia.”

Sauti nyingine ikatoka nyuma, ya mtu ambaye sikumwona. “Kwani mume wake si yuko huko na lori? Nani anajua analipeleka kwa nani?”

Wachache wakageuka kunitazama. Halikuwa jambo lililopangwa, wala aliyelisema hakuwa na chuki nami, nadhani. Lilimtoka tu. Lakini nililiona kwa uwazi wa kutisha: kati ya kijana yule na mimi, na watoto wangu waliokuwa wameketi nyuma ya ukuta ule, palikuwa na sentensi moja tu, nayo ilikuwa imekwisha kusemwa. Nilitamani kusema neno lolote ambalo lingeyarudisha macho yao kwa Bashiri. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ninaamini viongozi wengi wamelisema neno hilo katika dakika kama ile.

Nilivuta pumzi na kuuliza swali pekee lililobaki kichwani. “Mwano huu ni wa nani?”

“Ni wetu sote,” akasema Ngassa.

“Hakuna mwano wa wote. Mwano una mwenyewe, na ukiwa wa uongo mwenyewe hutoa ng'ombe. Asimame aliyeupiga amtambue huyu mtu mbele yetu. Wewe, ulisikia kwa nani?”

Ngassa akafikiri. “Kwa Maduhu.”

“Kwangu?” Maduhu akasema. “Mimi nilipokea tu. Nilisikia kwa wachungaji mbugani. Mayu, mama yetu Mwalimu, usiwatazame ng'ombe wangu kwa jicho hilo.”

Baadhi wakacheka, na kicheko hicho nilikipokea kama maji. Nikasema tunakwenda kwa wachungaji, sote, hatua kwa hatua, mpaka kwa mwenye mwano. Nikasema pia kwamba Bashiri atatembea kando yangu naye asiguswe, kwa kuwa akifa njiani mwenye mwano hatakuwa na mtu wa kumtambua, na faini italala juu ya wote waliompiga. Ilikuwa hoja ya sheria yao wenyewe, na kwa sababu ya ng'ombe wao waliikubali. Kama ningewaambia habari za huruma, sidhani kama wangenisikia.

Tukaondoka tukiwa umati. Njia ni ndefu na jua halikuwa na urafiki na mtu. Nilikuwa nasikia nyuma yangu marungu yakigongana, na kila yalipogongana mabega yangu yalipanda. Nilimwambia Bashiri asiharakishe na asigeuke. Aliniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, baba yangu atajulishwa?” Nikamjibu kwamba atamjulisha mwenyewe. Sikuwa na hakika nalo.

Wachungaji tuliwakuta mbugani. Walisema wao walisikia yowe tu, bila maneno, kutoka kwa wanawake kisimani, nao wakalipokea. Tukaenda kisimani. Wanawake walikuwa bado wamesimama na ndoo zao, wameshika viuno.

“Mlimwona adui?” Ngassa akawauliza.

“Adui gani?” mmoja akajibu. “Sisi tulisikia ‘moto’.”

“Moto? Mbona hamkwenda kuuzima?”

“Tuliwaona ninyi wanaume mnakimbia huku chini. Tukasema, kumbe moto uko huko.”

Nadhani tulipandisha macho mlimani wote kwa pamoja. Moshi ulikuwepo, lakini ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba, wa kitu kinachomalizika.

Ilikuwa nyumba ya Febronia, mke wa mmoja wa vijana wetu waliokwenda vitani na mgambo. Cheche za jikoni zilishika paa, upepo ukamaliza kazi. Nyumba ilikuwa kuta nyeusi. Kihenge chao cha mtama, chakula chote cha kuwafikisha mavuno mapya, kilikuwa kimeungua hadi chini. Febronia alikuwa ameketi chini, mtoto mgongoni, na kando yake mama mkwe wake, bibi asiyeona, ambaye Febronia alimtoa ndani kwa kumburuta juu ya ngozi ya ng'ombe. Nywele za mbele za Febronia zilikuwa zimeungua. Alikuwa amekwisha kupoteza sauti, na ilibidi tumwinamie kumsikia.

“Niliwaona mkipita kule bondeni,” alisema. “Nikamwambia Bibi, wanakuja. Halafu nikaona migongo yenu.”

Hakutulaumu kwa neno zaidi ya hilo. Ngassa aliiweka silaha yake chini, akaanza kurusha udongo kwenye makaa yaliyokuwa bado yanawaka karibu na ukuta. Wengine wakafuata. Bashiri, damu ikiwa imemgandia shingoni, akaomba karai lake, na Ngassa akampa bila kumtazama usoni. Walifanya kazi bega kwa bega mpaka jua lilipopungua, na sikusikia wakisemezana.

Bibi yule, aliposikia wingi wa miguu, aliuliza, “Mmekuja wengi hivi, mlikuwa wapi?”

Kuhusu ng'ombe wa faini, Maduhu alilimaliza shauri alipokuwa anafuta masizi mikononi. Alisema mwano ulikuwa wa kweli tangu mwanzo, ni masikio yetu yaliyokuwa ya uongo, na masikio hayo hayana wa kuyatoza. Kesho yake alipeleka mtama kwa Febronia kutoka kihenge chake mwenyewe bila kuambiwa, akinung'unika njia nzima ili mtu asidhani ni mkarimu. Nyumba imekwisha kujengwa upya na watu wote, kabla ya mvua kushika. Bashiri nilimpeleka mwenyewe hadi kwa baba yake. Mzee Salehe hakuniuliza chochote juu ya kipigo. Alimtazama mwanawe sikio, akanikaribisha kiti, kisha akaniuliza habari za mume wangu. Habari za dhahabu hakuna aliyezitaja, wala sitazitaja.

Tumebadilisha azimio letu. Sasa anayepokea mwano lazima aupokee pamoja na neno lake: ni nini, na ni wapi. Asiyejua, hakatazwi kukimbia, lakini akimbilie kwa aliyemsikia amwulize kwanza. Ngassa ndiye anayelisimamia kwa ukali kuliko wote. Tangu hapo mwano umepigwa mara kadhaa, mmojawapo kwa ajili ya fisi, na watu walifika kwa fisi.

Ninafika sasa kwenye jibu langu. Uliniandikia kwamba nikija kwako nitapata amani ya moyo, na kwamba mtu asiye na amani hawezi kuwaongoza wengine. Nimeitafakari sentensi hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa nakuheshimu, na nimeona kwamba sehemu ya pili ni kweli, ila si kwa maana niliyoifikiria. Nilidhani amani ni kutoogopa. Nimeisubiri, na haikuja. Nilichokipata mlangoni mwa darasa la sita, na tena mbele ya watu wenye marungu, ni nafasi ndogo kati ya kusikia na kutenda, isiyozidi pumzi moja. Ndani ya nafasi hiyo mtu anaweza kuuliza swali. Nje yake anapokea tu na kupitisha. Hofu humfikia kiongozi kama inavyowafikia watu wote, lakini haipaswi kutoka kwake jinsi ilivyoingia. Zaidi ya hapo sijajua kitu, na hicho kidogo hunitoroka kila siku nikalazimika kukitafuta upya.

Kwa hiyo sitakuja, Mjomba. Nikionekana kituo cha basi na mizigo, Mama kando yangu na watoto wamevaa viatu, nitakuwa nimepiga mwano usio na neno. Kila mtu ataupokea. Hakuna atakayeuliza kama ninakwenda kumsalimu mjomba mgonjwa. Kabla ya giza watu watakuwa barabarani na wazee wao na wagonjwa wao, wakikimbia kitu ambacho hakuna aliyekiona, na wanaokimbia hivyo humkuta Bashiri mwingine njiani.

Utasema niwatume Mama na watoto, nibaki mimi. Nimelipima hilo pia. Kwa kijiji ni jambo lile lile: mwalimu ametoa wake, basi anajua kitu. Nilipomsomea Mama barua yako alisema, “Mwambie Clemens kwamba walinihamisha kule mlimani kwetu nikaja kijijini. Sasa nimechoka. Wakitaka, wahamishe vita.” Mama ameamua kwa akili yake na nimemwachia uamuzi wake.

Watoto hawajaamua. Hapa ndipo hoja zangu zote zinapokwama, na sitaki kukuficha. Nina haki gani ya kuwaweka Alois na Gaudensia mbele ya watu kama ushahidi kwamba hakuna hatari, wakati mimi mwenyewe sijui kama haipo? Redio inasema adui amesukumwa nyuma. Huenda ni kweli. Lakini ndege haisomi mpaka, na lori la baba yao halijarudi. Nimeligeuza swali hili kila upande na halina upande laini. Watoto wa Febronia, wa Ngassa, na wote waliosimama darasani siku ile, nao hawakuulizwa. Hilo linanifanya nibaki. Halinifanyi nitulie.

Juzi tulipokuwa tunakula, Alois aliniuliza kama mimi huwa naogopa. Nilimwambia ndiyo, naogopa sana. Nikamwambia pia kwamba ikifika siku ya kukimbia, nitamwambia yeye kwanza, na nitamwambia tunakimbia nini na tunakwenda wapi. Alifikiri kidogo, akaniuliza, “Na Bibi atapanda nini?” Nikamjibu kwamba atapanda baiskeli ya Mzee Maduhu. Akaendelea kula.

Nina maombi mawili kwako. Una marafiki waliobaki kwenye reli, na nasikia majeruhi wengine husafirishwa kwa treni. Naomba uwaulize kama wamemwona Selestine, mrefu, mwenye kovu la kuungua kwenye kiganja cha kushoto. Usiniandikie walichosikia. Niandikie walichoona, hata kikiwa kibaya. La pili: nikipatwa na jambo, uje uwachukue watoto wewe mwenyewe. Usimtume mtu.

Na kama nimekosea, kosa hili sitalilipa mimi. Watalilipa wao. Naliandika nikiwa na akili timamu, ili siku moja wakikuuliza mama yao aliwaza nini, uwe na la kuwaonyesha, nao wahukumu wenyewe.

Mama anakusalimu, anasema usimwonee huruma. Alois na Gaudensia wanakuamkia shikamoo. Mzee Maduhu anauliza kama Morogoro bado kuna watu wanaokopesha tumbaku. Wasalimie Mama Leokadia, Leokadia mwenyewe na mumewe, na wajukuu wote kwa majina yao.

Mungu aufunike mji wako kwa mkono wake, na mgongo wako aupumzishe. Kama mkono huo unatosha kufika hadi Kyaka, umfikie dereva mmoja.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wenye hofu, ambaye bado nipo hapa,

Euphrasia